Mama Aliyekwisha Kuvuka

Asubuhi moja wiki iliyopita, kwenye dirisha la uhamiaji Tunduma, mbele yangu alisimama mama mmoja wa kwetu Itumba na kifurushi cha kanga. Binti yake alikuwa amejifungua Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, na damu ilikuwa haikati.

Kijana wa dirishani aliandika jina kwenye kompyuta, akamtazama kama anayetazama mzuka.

"Mama, wewe umeshavuka. Uko Zambia tangu saa moja."

"Mwanangu, si mimi huyu naongea na wewe?"

Kijana akageuza kioo tuone. Picha ilikuwa yake kabisa.

Ndipo mama akakumbuka: hati yake ya kuvukia alimwazima jirani, kama tunavyoazimana ungo.

Nikafoka, "Mshike mkono basi, uone kama ni wa moto!"

"Mzee, mpaka kwanza arudi, ndipo atoke tena."

Mama hakubishana. Alizunguka nyuma ya maduka, akapita uchochoro tunaopita wote, akaingia Zambia bila kuulizwa na mtu.

Jioni jirani akarudi kwa hati ileile.

Wakubwa wanasema mitambo hii ni ya kukamata magaidi. Sawa. Ila mama hajaonekana tena, na jana nilimsindikiza mumewe kwenda kuuliza dirishani. Kijana alibonyeza, akatabasamu kwa upole.

"Usiwe na wasiwasi, baba. Mkeo alisharudi siku ileile. Yuko nyumbani."