Mjinga aliyepiga simu redioni ni mimi

Leo asubuhi nimeongea redioni, Morogoro nzima ikacheka!

Haya, nzima ni uongo. Alicheka mtangazaji peke yake.

Aliuliza wasikilizaji: kile kipindi cha vinanda vya Kizungu cha kila asubuhi kibaki au kiondoke?

Nikapiga. "Kiondoeni, mwanangu. Kila nikiamka nadhani kiongozi amefariki, nachungulia bendera kama iko nusu mlingoti!"

Akasema kesho wanapokea maoni ya mwisho, halafu wanaamua.

Nikatoka nje kifua mbele.

Jirani yangu Klementi, Mluguru wa Mgeta, akaniita ng'ambo ya ua.

"Shomari, umemsikia yule mjinga redioni?"

"Nani tena?" (Uso mkavu kabisa.)

"Mke wangu alikuwa mpiga kinanda wa kanisa kule misheni. Tangu apooze, kipindi kile tu ndicho kinamfanya achezeshe vidole."

Nikamjibu, "Wajinga hawaishi, bwana."

Chai imenishinda mpaka sasa hivi.

Hamisi, najua unasoma hapa. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wako, nikatukanwa na mkweo badala yako. Kesho saa moja piga simu, useme unavipenda vile vinanda. Sauti yangu wameshaijua.