Meno Mapya ya Mpuliza Tarumbeta

Timu ya besiboli ina watu tisa uwanjani. Korongo, timu yetu, ina kumi na moja, kwa sababu kwenye jukwaa la nyuma ngoma napiga mimi, na pembeni yangu miaka yote alikuwa akipuliza tarumbeta Mzee Shigezo Kuramoto. Ukisikia Korongo wameshinda, uliza kwanza nani alikuwa kwenye ngoma.

Mzee Shigezo ana nyumba ya kuogea, ile yenye bomba refu la moshi karibu na stesheni. Asubuhi anasugua vigae, jioni anakaa juu ya kile kiti chake mlangoni, wanaume huku, wanawake kule, anapokea kiingilio. Sasa, kila mpigaji wa Korongo ana wimbo wake, na haupigwi mpaka yeye mwenyewe ashike gongo. Wimbo wa Moriwaki, mpigaji wetu mkongwe, aliutunga Mzee Shigezo, enzi hizo Moriwaki bado ana nywele.

Majira ya baridi yaliyopita wote wawili wakapatikana. Moriwaki, miaka thelathini na tisa, goti likagoma, akashushwa timu ya pili. Mzee Shigezo naye akang'olewa meno ya mbele, akawekewa ya bandia. Alipojaribu kupuliza, meno yakacheza, upepo ukatokea pembeni. Akalifungia tarumbeta kabatini, akasema yeye basi. Kazi ikachukuliwa na Hatsue, mama muuza tofu, ile jibini ya soya, mwenye kifua cha farasi.

Sisi majeruhi wetu huwa tunawajadili ndani ya maji, kwenye bwawa la nyumba ya kuogea. Maji yale ni moto mpaka unaiva kama pweza, na hakuna anayekubali kutoka wa kwanza, ndiyo maana ubishi wetu hauna mwisho. Dobashi kinyozi akasema mtupaji wetu mwenye kiwiko kibovu atarudi Agosti. Nikamwambia kiwiko hakisomi kalenda. Tukaja kwa mdakaji aliyevunjika kidole, halafu mimi nikamwongeza na Mzee Shigezo kwenye majeruhi: ugonjwa mdomo, kurudi Mungu anajua. Watu wakacheka mpaka maji yakamwagika. Mzee hakucheka.

Baadaye mkewe akaninong'oneza nipunguze. Kumbe kila wakishafunga, mzee anaingia kwenye chumba cha tanuri na tarumbeta lake, anajaribu, anaishia katikati ya wimbo, pumzi na meno vinamkataa. Alitaka kurudi jukwaani kuliko alivyotaka kula. Ila alisema harudi nusu mtu.

Julai Moriwaki akarudishwa. Goti halikumruhusu kucheza mechi nzima, kwa hiyo kocha akawa anamwingiza mara moja tu, mwishoni, apige akakae. Na akawa anapiga kweli, leo, kesho, keshokutwa. Dobashi akaanza kutamba kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

"Aprili ulimzika, Julai unasema umemzaa wewe," nikamwambia.

Dobashi akageuza maneno. Akasema hata hivyo ni aibu, mtu aliyekuwa nguzo ya timu leo anaingia mara moja kama mgeni wa chai. Hapo Mzee Shigezo akamjibu kwa ukali kutoka kitini kwake. Akasema hakuna aibu yoyote, mtu anatoa alichonacho, na anayetoa chote hata kikiwa kidogo hadaiwi.

Ukuta wa kututenga na wanawake haufiki darini. Sauti ya Hatsue ikapita juu yake.

"Na mdomo je, Mzee?"

Tukamsikia akijimwagia maji, akaendelea.

"Moriwaki akipiga mara moja si aibu. Basi na wewe njoo upulize mzunguko mmoja wa wimbo, mimi nimalizie. Au mdomo wako una cheo kuliko goti la mwenzio?"

Mimi nilizama mpaka puani. Mzee akashika shavu.

"Mstari wa tatu unauharakisha," akasema.

"Njoo unioneshe."

Jumamosi tulikuwa nyuma kwa pointi moja Moriwaki alipotoka na gongo lake. Mzee Shigezo akasimama, akalipeleka tarumbeta mdomoni. Sauti ya kwanza ikatoka kama bata aliyekaliwa. Jukwaa zima likageuka. Nikaitwanga ngoma kumfunika, na hilo msilisahau. Mstari wa pili akaupata, wa tatu akaupeleka taratibu, kama alivyoutunga, wazee wakaanza kuuimba wenyewe. Mzunguko ukaisha na Moriwaki bado anapambana, mipira anaichapa inatoka pembeni. Wote tuliona mzee anatamani kuendelea. Akalishusha tarumbeta, akamkabidhi Hatsue zamu.

Hatsue akadaka wimbo bila kuukata. Moriwaki akaupeleka mpira juu ya vichwa vya wachezaji wao, akachechemea mpaka kituo cha kwanza, na kocha akamtoa, akaingiza kijana wa mbio. Wakakaa wote wawili, Moriwaki benchini, Mzee karibu yangu.

Mechi tulishindwa. Tukiwa tunatoka, Dobashi akamsogelea Mzee Shigezo.

"Mzee, ile sauti ya kwanza ilikuwa bata."

"Bata kabisa," Mzee Shigezo akasema, akirudisha meno yake mahali pake kwa kidole gumba. "Kesho wanaanza saa ngapi?"