Mkwe wa Jezi

Mimi hupiga piano ya jazz katika hoteli moja mjini Eldoret, na wateja huniomba nipunguze sauti ili wasikie mpira kwenye televisheni. Hayo nimeyazoea. Lakini siku nilipopelekwa kijijini Soy kwa baba wa msichana niliyetaka kumwoa, niliogopa kweli. Mchumba aliyenitangulia alikuwa ameshakataliwa, naye alikuwa mwalimu.

Mzee alingoja nimalize chai. "Unafanya kazi gani?"

"Napiga jazz, Mzee."

Uso ukamchanua. "Hiyo ni kazi. Hapa kwetu kila mtu anakimbia."

Sikuona mbio zinahusiana vipi na muziki, lakini anayetafuta mke habishani.

"Unapendelea rangi gani?"

Sisi wanamuziki tunajua sauti zina rangi, kwa hiyo sikushangaa. "Sanasana blues, Mzee."

"Blue ni sawa. Inaficha uchafu."

Nilitaka kumkumbatia. Tangu nianze kazi ya hoteli sikuwa nimekutana na mtu aliyeielewa blues kwa kina hicho.

"Na ya watoto?"

"Watoto pia nawapigia, hata wa nursery."

Akacheka kwa raha. Akasema Jumamosi vijana wa hapo kijijini wana mashindano ya mbio, nije na kila kitu.

Jumamosi nikafika na kinanda cha betri, spika, na tai shingoni. Vijana walikuwa wamepanga mstari vifua wazi, wanatetemeka kwa baridi, maana Mzee alishawaamuru wavue fulana zao kuukuu. Akaliendea sanduku la kinanda, akalifungua mwenyewe, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Jezi ziko chini ya hii kitu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba mimi si fundi wa nguo, jazz ni muziki, si jezi. Nilijua mke ameniponyoka, tena mbele ya watu. Mzee akaniambia nipige kidogo basi, asikie. Nikapiga kwa vidole vilivyokufa ganzi, vijana wakisikiliza huku wamejikunyata. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mzee akamgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama karibu na spika.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Umesikia hiyo yote, na bado unamtaka?"

"Namtaka."

Mzee akafunga sanduku polepole. "Basi mpeleke jikoni ale. Hii kazi haiwezi kuwa inamshibisha."