Zamu za Maziwa

Siku yangu ya kwanza wodi ya wanawake, Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, alinikabidhi funguo za kabati la dawa na kikombe cha bati. Funguo nilizielewa. Kikombe nilidhani ni cha chai.

Ilikuwa Dodoma, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, madukani vitu tele na stoo ya hospitali tupu. Wagonjwa wa saratani walianzishiwa matibabu Dar es Salaam, kisha wakarudi kwetu na dawa zao mfukoni tuwamalizie. Dawa ilikuwa unga ndani ya kichupa. Ulitoboa kizibo kwa sindano, ukaingiza maji, ukatikisa mpaka unga uyeyuke, ukaivuta kwenye bomba la sindano. Glovu zilikuwa za chumba cha upasuaji tu, kwa hiyo tulichanganya kwa mikono mitupu, dirishani, ili upepo uondoe harufu. Anayeujua upepo wa Dodoma anajua ulivyoturudishia usoni.

Mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli. Nilimwuliza Matroni kama dawa inayomnyonyoa mgonjwa nywele haitudhuru sisi.

"Ndiyo maana kuna maziwa, Sista," alinijibu. "Maziwa yanaua sumu. Kunywa, uende kazini."

Kila aliyechanganya alipata kikombe kimoja, maziwa mazito kutoka Kongwa. Wodi nyingine walituonea kijicho.

Mwenzangu alikuwa Mwajuma, binti mpole wa Kondoa, aliyeolewa karibuni. Mimba yake ya kwanza iliharibika. Aliporudi kazini amekonda, Matroni, ambaye kwa ukali wake wote alimpenda kama mwanawe, alituita ofisini. Alisema tangu siku ile kuchanganya dawa ni kazi ya Mwajuma, apate maziwa yamjenge damu. Nikasema bora ahamishiwe wodi nyingine, maziwa nitamletea mimi kutoka nyumbani.

"Unamwonea wivu mwenzio aliyefiwa?" Matroni aliniuliza.

Mwajuma aliinamisha kichwa, akamshukuru.

Mimba ya pili ikaharibika. Ya tatu pia. Kila mara Matroni alimwongezea zamu. Mume alijitahidi kuvumilia, lakini kwa mama mkwe maji yalizidi unga, na Mwajuma akarudishwa kwao.

Mimi nilihamishiwa Kongwa, baadaye Mpwapwa. Nikiwa karibu kustaafu niliitwa semina, muuguzi kijana akatuonyesha gauni, glovu mbili mbili, na kabati la kioo linalonyonya mvuke. Akasema mjamzito, au anayetafuta mimba, asiguse dawa hizi kabisa. Nikamwuliza kuhusu maziwa.

"Maziwa ni chakula tu, mama," alijibu kwa adabu.

Hakuna anayeweza kuapa ni nini kiliharibu mimba zile. Wapo wanaopoteza mimba bila kugusa kichupa. Lakini nilitoka nje nikalia. Uchungu wangu ni kwamba hapakuwa na mtu mbaya wa kumlaumu.

Baada ya kustaafu nilikwenda Kondoa, nimedhamiria kumweleza Mwajuma. Anaishi peke yake. Alinitengea chai ya maziwa, akawaulizia watoto wangu kwa majina, mmoja mmoja. Kisha akamkumbuka Matroni, aliyekwisha kufariki.

"Mungu amrehemu mama yule," alisema. "Watu walinicheka. Yeye zamu zote za maziwa alinipa mimi."

Nikasema amina, nikanywa chai yangu.