Punje ya Kahawa Tumboni mwa Baba

Kuna harufu ambayo mpaka leo ikinifikia natafuta mlango. Ni harufu ya kahawa ya kutafuna, ile inayochumwa kabla haijaiva sana, ikachemshwa pamoja na majani ya porini, kisha ikakaushwa juani mpaka ganda lake likawa jeusi na gumu. Kwetu Karagwe mgeni akikaribishwa huletewa kikapu kidogo cha kahawa hiyo, naye huchukua punje mbili tatu akazitia shavuni. Juzi juzi nilikwenda Chonyonyo kumpa pole mtu aliyefiwa. Kikapu kikapitishwa, kikanifikia, nikakisukuma kwa jirani yangu kwa nguvu mpaka kahawa ikamwagika mkekani. Watu walidhani ni uzee. Si uzee, wasomaji wangu. Ni hasira, nami nimeibeba tangu meno yangu ya utoto yalipoanza kung'oka.

Baba yangu alikuwa mkulima wa migomba na kahawa kule Ihembe. Rafiki yake aliitwa Kashaija, mfugaji wa mbugani upande wa Kyerwa, mtu mrefu, mkimya, aliyenukia samli na moshi. Kabla sijazaliwa walifanya kile ambacho kwa Kinyambo huitwa omukago, yaani undugu wa damu. Kila mmoja alichanjwa kidogo karibu na kitovu. Likapasuliwa tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake mna punje mbili zilizolala zikitazamana, kila punje ikapakwa damu ya mmoja na kumezwa na mwenzake. Tangu hapo kila mmoja akawa munywani wa mwenzake. Munywani humnyimi kitu akikuomba, wala humgeuki. Ukimgeuka, tumbo lile lililopokea damu yake litavimba mpaka likuue. Ndivyo watu wetu walivyoamini, na simjui mtu aliyethubutu kujaribu.

Mama alifariki siku chache baada ya kunizaa. Bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Mukaka, alinipikia uji mwembamba nikautapika, akanikamulia maji ya ndizi nikayatapika pia. Baba akatuma mtu kwa Kashaija. Hakumwomba kitu kikubwa, alimwomba maziwa kidogo tu. Kashaija alikuja mwenyewe kwa miguu, akiswaga ng'ombe mwekundu aliyeitwa Gaju pamoja na ndama wake, akawafunga nyuma ya nyumba yetu na kuwaacha hapo mpaka nilipoweza kutafuna ndizi. Hakudai kitu. Baadaye kila alipotutembelea aliniita ndama wake, akanishika kidevu na kunikagua meno kwa makini kana kwamba ananipeleka mnadani. Mimi nilipanua kinywa kwa fahari. Nilijua kwamba watoto wengine wamenyonya kwa mama zao, mimi nimenyonya kwa Kashaija, na niliona nimewazidi.

Kisha akaja Mwalimu Zakaria. Alikuwa mwinjilisti kutoka upande wa Buhaya, akapewa kanisa letu la udongo na paa la nyasi. Alikuwa na baiskeli, kanzu iliyopigwa pasi, na sauti ya kumnyamazisha mtoto anayelia. Sitaki kumsingizia. Alitufundisha kusoma kwa moyo wote, na mimi alinipenda kwa sababu nilishika herufi haraka. Alimwambia baba kwamba kichwa changu si cha kuachwa shambani, kwamba misheni ina shule ya bweni ya wasichana kule kuelekea ziwani, na kwamba yeye akisema neno nitapokewa. Baba hakujua kusoma hata jina lake. Tangu siku hiyo akawa ananitazama kama mtu aliyegundua kwamba mbuzi wake anaweza kuimba.

Jumapili moja, baada ya ibada, Mwalimu alitusimulia kisa alichokisoma katika kitabu cha Wazungu. Alisema huko Ulaya palikuwa na mtu aliyetamani dhahabu, mashamba na ng'ombe. Shetani akamjia amevaa nguo nzuri, wakakubaliana: shetani atampa kila anachotaka kwa miaka mingi, kisha siku ikifika ataichukua roho yake. Wakaandikiana, na wino ulikuwa damu ya mtu yule mwenyewe. Basi akatajirika. Lakini siku ilipofika alilia, akajificha, akaomba aachwe, na shetani akamchukua vivyo hivyo. Mwalimu alisimulia vizuri mno. Nilijikunyata nyuma ya Mukaka, uso wangu nimeuzika katika shuka yake. Alipomaliza alitutazama mmoja mmoja ili tuogope.

Watu wazima hawakuogopa. Kwetu mambo ya damu yalikuwa na taratibu zake, nao walikuwa wamekisikiliza kisa kile kama shauri lililoletwa barazani. Mukaka ndiye aliyeanza. Aliuliza kama shetani naye alitoa damu yake. Mwalimu akajibu kwamba shetani hana damu. Mzee mmoja akauliza mashahidi walikuwa nani. Mwingine akataka kujua kama shetani alitimiza yote aliyoahidi, na Mwalimu, bila kujua anakopelekwa, akakubali kwamba alitimiza.

"Basi, waitu, jamaa zangu, huyo mwenye dhahabu ndiye mbaya," Mukaka akasema. "Amekula vya mwenzake, na siku yake ya kutoa anaingia chini ya kitanda."

Kanisa zima likacheka. Walicheka wanawake, wakacheka wazee, hata watoto ambao hatukuelewa tulicheka. Mwalimu hakucheka. Nimekifikiria kicheko kile maisha yangu yote, na naamini kila kilichofuata kilizaliwa pale, katika uso wa mtu aliyekuja kututisha akaishia kuchekwa na kikongwe asiyejua kusoma.

"Mnacheka kwa sababu mnamjua huyo shetani," alisema. "Yumo matumboni mwenu. Mmemmeza pamoja na kahawa."

Akasema kwamba omukago ndio mkataba wenyewe wa kisa kile, na kwamba munywani ni vazi tu ambalo shetani amelivaa. Hakuna aliyemeza damu ambaye angebatizwa kabla ya kuukana undugu ule kwa kinywa chake mbele ya watu wote. Jioni yake alikuja nyumbani kwetu, akaketi kwenye kigoda chetu, akanywa togwa letu, na kumkumbusha baba kwa ile sauti yake ya upole kwamba shule ya bweni inapokea watoto wa nyumba zilizobatizwa tu. Alisema angesikitika sana kuona kichwa kama changu kikiozea migombani.

Hapa ndipo damu inaponichemka. Watu wawili walipata kuja kwenye nyumba ile kwa ajili yangu. Mmoja alileta ng'ombe akaondoka bila kutaja bei. Mwingine alikuja na kanzu safi na maneno matamu, akataja anachotoa na anachotaka apewe. Halafu huyo wa pili ndiye aliyetufundisha shetani anafananaje.

Baba alihangaika. Alimwambia Mwalimu kwamba yuko tayari kuchoma chochote, lakini hapakuwa na cha kuchoma. Gaju alikwisharudishwa kwao zamani, na kahawa ilikuwa imemezwa. Mukaka alimuuliza Mwalimu kama ana mpango wa kumtapisha mwanawe. Mwalimu akasema maneno yatatosha. Mukaka akamgeukia baba na kumwambia kwamba hayo maneno ndiyo yatakayomuua. Baba akanitazama mimi, nilikuwa nimeshika kipande changu cha ubao nikiandika jina langu kwa mkaa.

Siku ya ubatizo ilikuwa ya furaha kwangu. Misheni ilikuwa imeniletea gauni la buluu lenye mifuko miwili, na mimi sikuwahi kuwa na mfuko hata mmoja. Baba alivaa kanzu ya kuazima iliyomfika katikati ya miguu. Tulikuwa tumekaa mbele, na nilipogeuka kuona kama gauni langu linatazamwa, nikamwona Kashaija mlangoni. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa amesikia kwamba munywani wake ana siku kubwa, na katika siku kubwa ya munywani mtu hangoji kuitwa. Alikuwa na fimbo yake mkono mmoja, na mkono wa pili amebeba chombo cha mti kilichojaa maziwa, kimefunikwa kwa kifuniko cha ukindu. Nilimkimbilia.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba, ndama wangu," alisema, akainama akanikagua meno, akaona pengo jipya na kutabasamu.

Mwalimu alimwona. Angeweza kungoja. Angeweza kuendelea na wimbo, akamsubirisha baba mpaka mgeni akae. Badala yake alimwita baba palepale asimame aseme. Baba alisimama na kutazama sakafu.

"Kashaija si ndugu yangu," alisema. "Agano letu lilikuwa la shetani. Ninalikana."

Watu wote walilitazama tumbo la baba. Siwatanii, hata wale waliokwisha kubatizwa zamani walilitazama. Kashaija akaweka maziwa chini taratibu, akanyooka.

"Munywani wangu aliniomba maziwa, nikampa," alisema. "Leo anataka niwe shetani wake. Nimempa. Mmesikia nyote, waitu: ameomba, nami nimetoa. Hakuna nilichomnyima."

Kisha akaondoka. Wengine walicheka kidogo, na Mwalimu akaanzisha wimbo. Mimi nilimchukia Kashaija kwa muda mfupi, kwa sababu nilidhani ametukejeli na kuiharibu sherehe yangu. Ibada ilipokwisha Mwalimu aliamuru maziwa yale yamwagwe, yasije yakamponza mtu. Wakayamwaga nyuma ya kanisa, kwenye mikahawa, chini ya matunda yaliyoanza kuwa mekundu. Harufu ya maziwa yaliyofukizwa moshi ilipanda pamoja na harufu ya kahawa, nami nikasimama pale na mifuko yangu miwili, nikiyaangalia yakizama ardhini. Ni wao waliomwaga, lakini yalikuwa maziwa yangu.

Baada ya hapo kijiji kizima kilingoja tumbo la baba livimbe. Wanawake walipokuja kuomba moto walimtupia jicho kwanza. Halikuvimba. Alikonda tu. Mwalimu alilihubiri tumbo lile Jumapili nyingi, kwamba tazameni, uongo wa mababu umefichuka. Baba alipewa kiti cha mbele na kuitwa mzee wa kanisa. Hakutafuna kahawa tena mpaka kufa kwake, na wageni walipokuja aliwaletea kikapu huku amegeuza uso pembeni. Kashaija hakukanyaga kwetu tena. Alihamia na ng'ombe wake karibu na mto Kagera, akafia huko, na habari zikatufikia akiwa amekwisha zikwa. Baba alikaa migombani kutwa nzima. Mukaka alimpelekea chakula, akarudi nacho.

Mimi nilikwenda shule. Huko, nikiwa msichana mkubwa, nilikikuta kile kisa cha Mwalimu ndani ya kitabu. Nilikisoma nimesimama. Mtu yule hakuwa ametamani ng'ombe wala mashamba. Alikuwa mtu wa vitabu, na alichokiuzia roho kilikuwa elimu. Mwalimu Zakaria alikijua kisa kile vizuri, alikuwa amekisoma kama nilivyokisoma mimi, akaitoa elimu na kuweka dhahabu ili sisi tusiotambua tusije tukatazama kile alichokuwa ameshika mkononi mwake. Nilimwandikia barua ya matusi, kisha nikakosa ujasiri wa kuituma.

Likizo iliyofuata nilimuuliza Mukaka kwa nini tumbo la baba halikuvimba. Alikuwa akimenya ndizi na hakuinua macho.

"Livimbe kwa kosa gani?" alisema. "Aliomba, akapewa. Ulikuwepo, ulisikia."

Sikuelewa. Nilidhani bibi amechoka kichwa, nikarudi kwenye vitabu vyangu. Ilinichukua miaka, mpaka mimi mwenyewe nilipokuwa na watoto, ndipo siku moja nikiwa nimesimama tu jikoni nikamsikia Kashaija upya. Hakuwa akitukejeli. Alikuwa mlangoni pale, amesikia munywani wake akijihukumu kifo kwa kinywa chake mwenyewe, naye hakuwa na muda wala mtu wa kumshauri. Akaligeuza lile kosa likawa ombi, akalikubali ombi mbele ya mashahidi. Mtu hawezi kusema amegeukwa kwa jambo alilolitoa kwa hiari yake. Alimwokoa baba, kama alivyoniokoa mimi, na sote tulimwacha ashuke kilima kile peke yake.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo kwa sababu ya maneno yale, na nadhani alijua. Mimi niliishi kwa sababu ya ng'ombe wake, na nilikuwa najua tangu mwanzo. Nilipanda lori la kwenda shule nikiwa na gauni la buluu, sikumpungia mtu mkono upande wa Kyerwa. Kila herufi ninayoandika hapa ilinunuliwa siku ile kanisani, na aliyeilipia alikuwa Kashaija.