Hapa Hakuna Kaijage

Miaka ile ya vita vya Hitla, mgeni aliyeingia mtaa wa Miembeni na kuulizia mtu kwa jina la nyumbani kwao alikuwa amejisumbua bure. Angezunguka vichochoro vyote, vya vibanda vya udongo na vya vyumba vya kupanga vilivyoezekwa madebe, angepita kwa Georgina muuza rubisi, pombe ya ndizi, na kote angejibiwa kwamba mtu huyo hajulikani. Matarishi wa gombolola, serikali ya chifu wa eneo lile, walikuwa wakipita na majina kwenye karatasi, wakitafuta wanaume wa kupeleka vitani na kwenye mashamba ya mkonge. Vibarua wa mtaa ule wangefanyaje? Kila mmoja akajipa jina la mtaani, na wote wakafichana. Wala usiwalaumu.

Kaijage wa kijiji cha Ijumbi aliitwa Magunia. Alibeba kahawa mgongoni kutoka ghalani hadi gatini, miaka kumi na miwili, mpaka bega moja likashuka. Nyumbani aliondoka kwa ugomvi na baba yake, mzee Rugaibula; waligombana juu ya migomba mitatu. Migomba mitatu, jamani! Siku ile Kaijage aliapa mbele ya ndugu zake kwamba hatakanyaga kibanja kile, shamba lao la migomba, mpaka tata, baba yake, amwite mwenyewe. Kiburi hicho alikirithi kwa mzee, na wote wawili kiliwatafuna. Jioni, rubisi ikimwingia, alikuwa akimwuliza Georgina kama kuna mtu ametokea Ijumbi na salamu za mzee. Hapakuwa na mtu. Akaagiza nyingine.

Basi mwezi wa Juni akaingia mtaani mwanamume wa kaptula ya kaki, na karatasi mkononi. Alizunguka tangu asubuhi akifukuzwa na majibu yale yale. Adhuhuri akamkuta Magunia mwenyewe ameketi kivulini anakula senene, akamwamkia kwa heshima, akamwuliza kama anamfahamu Kaijage, mwana wa Rugaibula.

 Magunia aliiona kaki, aliiona karatasi, hakuona kitu kingine. Kusema hamjui kungetosha. Lakini alitaka jina lile lifutwe kabisa kwenye orodha, asitafutwe tena.

"Kaijage alikufa masika haya," akasema. "Tulimzika wenyewe, huko Kashai."

Mgeni akavua kofia. Akashukuru na kuondoka. Jioni mtaa mzima ulicheka kwa Georgina, na Magunia akanyweshwa bure kwa werevu wake.

Wiki mbili baadaye, asubuhi kabla ya zamu, mwanamke alisimama kwenye kona ya kichochoro na mzigo kichwani. Alikuwa akimwuliza Georgina, kwa Kihaya, njia ya kwenda makaburini Kashai. Magunia akageuka kwa ile sauti. Alikuwa Kokugonza, dada yake.

Naye alimwona. Mzigo ulimwanguka ukafunguka: rubugo, gome lililopondwa likawa laini, lile ambalo Wahaya humzikia mtu wao. Alimshika kaka yake uso kwa mikono miwili, akampapasa bega lililoshuka, akalia na kucheka pamoja. Kisha akaketi chini palepale na kumweleza.

Mtu wa kaki alikuwa Josia, mwalimu wa kanisa, mgeni pale Ijumbi. Mzee alikuwa ameugua, akamtuma kwa sababu yeye alijua mji, akamwandikia jina kwenye karatasi ili asikosee. Ujumbe ulikuwa mfupi: njoo nyumbani, tata anakuita. Josia aliporudi na habari ya kifo, mzee hakulia. Aliuliza tu kama mwanawe amelala kwenye udongo wa watu. Alfajiri akachukua rubugo na fimbo, akaanza safari kumfuata, amrudishe kibanjani alale na wazee wake. Walimsihi, akakataa. Alifika Muhutwe. Wapita njia walimkuta kando ya barabara amekufa, amelikumbatia rubugo.

"Sasa nimekuja kumaliza safari yake," Kokugonza akasema. "Lakini u hai, kaka. Ni nani mshenzi huyo aliyemdanganya Josia?"

Georgina akainamia chungu chake. Magunia angeweza kunyamaza. Alitamani sana kunyamaza.

"Ni mimi," akasema.

Kokugonza akainuka. Machozi yakamkauka usoni. Akaliokota rubugo, akalikung'uta vumbi, akalikunja taratibu kona kwa kona, akalirudisha kichwani.

"Basi Josia hakudanganywa," akasema. "Nitawaambia nyumbani kaburi nimeliona."

Akashika njia ya kusini, ya kurudi Ijumbi. Kaijage alimwita mara mbili; hakugeuka. Kutoka ghalani mnyapara akaita Magunia, gati linangoja. Naye akaitika, akainuka, akaenda kubeba.