Anayeidai Nyumba Yangu Ndiye Pekee Anayenibishia Hodi

Kisa hiki tumeletewa na msomaji wetu wa hapa mjini. Jina lake halitajwi, na la bwana anayemsimulia tumeligeuza.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, na hiyo kidogo niachieni mwenyewe. Nakaa Mkunazini, peke yangu, katika nyumba ya ghorofa niliyoachiwa na baba. Mtoto hatukujaaliwa. Mume wangu amefariki mwaka huu na sasa nimo edani: sitoki, sijipambi, na mwanamume asiye maharimu yangu haingii. Siku za msiba watu walijaa hata pa kuweka mguu hapakuwapo. Hitima ilipokwisha wakakunja mikeka wakaenda zao. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, wanawake wanarudi Darajani na vikapu vyao wakicheka, na hakuna anayesimama kwangu. Nimefika hadi ya kumwamkia paka.

Alasiri moja nikasikia hodi. Nikashuka, nikasimama nyuma ya mlango.

"Nani?"

"Mimi Saidi, Bibi. Mtu wa marehemu. Nna neno, na kulisema sipendi."

"Liseme tu. Lililonifika, kubwa kuliko hilo lipi tena?"

Kumbe lipo. Mume wangu alikuwa ameiuza nyumba kwake kwa bei ya khiyari. Kwa wasioijua, unauza nyumba na unabaki humo humo ukilipa kodi, na mnawekeana muda. Ukirejesha fedha kabla ya muda kwisha, nyumba inarudi kwako, ukishindwa, imekwenda. Mambo yangu yote ya nje nilimwachia mume wangu, yeye ndiye wakili wangu, maana kwetu mwanamke wa heshima haendi kusimama mahakamani na wanaume. Naye akaitumia heshima yangu kukodi shamba la mikarafuu, nayo ikakataa kuzaa. Mungu amrehemu, lakini nina maneno naye.

Siku ile nilimtolea Bwana Saidi ukali wote niliokuwa nao. Aliniacha nikamaliza.

"Mimi sikutoi, Bibi," alisema. "Muda ushapita, lakini mtu aliyemo edani hatolewi nyumba. Ntangoja mpaka utoke eda, na ukizipata fedha kabla ya hapo, ntazipokea."

Tangu hapo akawa anapita kila baada ya siku chache, anakaa barazani, mimi ndani, mlango katikati. Akawa ananionesha njia za kuiokoa nyumba, nami nikimshangaa mtu anayemfundisha mwenziwe kumpokonya tonge mkononi.

"Hapo chini pakodishe. Dhahabu kama unayo, iuze uongeze. Ikishindikana, nyumba iuze kwa mtu mwengine, unlipe haki yangu, kinachobaki chako. Hivyo ni bora kuliko kuniachia mimi."

"Na nikikuachia?"

"Utakaa kwa kodi, mpaka uchoke mwenyewe."

Kidogo kidogo maneno ya nyumba yakapungua. Ananieleza samaki walioingia sokoni, namweleza dari inavyovuja. Naye amefiwa na mkewe, anajipikia, na wali wake anasema unatoka umepondeka kama bokoboko. Nilicheka. Nimo edani, nimecheka na mwanamume, Mola anisamehe. Uso wake sijapata kuuona. Namjua kwa kikohozi chake tu, na nikikisikia kikipinda kona, moyo wangu unashuka ngazi kabla yangu.

Juzi alikuja kaka yangu kutoka Makunduchi. Vikuku vya mama amevipatia mnunuzi, na fundi cherehani wa Ng'ambo yuko tayari kukodi chini. Vikichanganywa, nyumba inakomboka.

"Shukuru, dada," aliniambia. "Siku utakayotoka eda tunamlipa yule bwana, asikanyage tena hapa."

Nikashukuru. Alipoondoka nikakaa ngazini nikalia, na haikuwa furaha.

Bwana Saidi alipokuja nikamwambia fedha zimepatikana.

"Alhamdulillahi," alisema. "Na mie nlikuwa na neno. Lakini neno hilo aliyemo edani haambiwi."

Akaondoka, na hajarudi.

Neno asiloambiwa aliyemo edani kila Muislamu analijua, ni posa. Lakini je, kama hakukusudia hilo? Huenda ni kodi ya nyuma tu, akaona haya kumdai mfiwa. Siwezi kumtuma mtu akamuulize, mji mzima ungenila. Nikilipa, atapokea haki yake, atarejesha hati, na hana tena sababu ya kupita njia hii. Nikimwachia, nimeipoteza nyumba ya baba kwa neno ambalo halijasemwa.

Msiniambie nilipe kisha ningoje. Kungoja nakujua, kila alasiri nashuka nakaa nyuma ya mlango, na anayekohoa ni mpita njia.

Eda yangu inakaribia kwisha. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Niikomboe nyumba nibaki na vyumba vyangu vyote, kimya? Au niiache, nipate angalau wa kunibishia hodi, hata kama anakuja kudai kodi?